Namba za risiva zinapofifia: kioo kimechoka au umeme haufiki?

Risiva tunayoizungumzia hapa ni ile amplifaya kubwa ya sebuleni yenye redio ndani yake na matundu ya spika tano au saba mgongoni. King'amuzi cha televisheni ni jambo jingine. Mashine hizi hazifi kwa siku moja. Sauti inaweza kubaki imara miaka ishirini huku namba za mbele zikififia polepole, hadi mwenye nyumba afunge madirisha mchana ndipo ajue yuko stesheni gani. Lamu na Malindi ziko nyingi: Sony, Pioneer, Yamaha, Denon, Kenwood, Onkyo. Nyingine ni mtumba wa Ulaya au Dubai, nyingine zimebaki katika nyumba za wageni baada ya wenyewe kurudi kwao.

Mafundi wengi hutoa hukumu moja ya haraka: kioo kimekufa, tafuta nyingine. Wakati mwingine ni kweli. Lakini kufifia kuna asili mbili ambazo kwa macho zinafanana sana. Ya kwanza ni kioo chenyewe kuchakaa, na hiyo haina dawa. Ya pili ni kioo kisicho na kasoro kinachonyimwa umeme wake, na hiyo huponywa na kapasita mbili tatu, yaani vile vipuri vinavyohifadhi chaji na kulainisha umeme. Kazi ngumu ni kuzitenganisha, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika kabla ya kugusa chuma cha kulehemu.

Kilichomo ndani ya kioo

Namba za kijani-buluu zinazong'aa zenyewe gizani hutoka kwenye chupa bapa ya kioo iliyotolewa hewa yote. Ni ndugu wa valvu za redio za zamani. Kampuni ya Ise Electronics ya Japani ilitoa kioo cha namba cha aina hii mwaka 1967, na kwa miongo iliyofuata ndicho kilichotawala kwenye deki, saa za mezani, oveni za maikrowevu na risiva. Ikiwa mashine yako ina maandishi meusi juu ya mwanga wa nyuma, hicho ni kioo cha aina nyingine na maelezo haya hayakihusu.

Ndani mna vitu vitatu. Mbele kabisa zimetandazwa nyuzi nyembamba za tangsteni, nyembamba kiasi cha kutoonekana kwa haraka, zilizopakwa oksidi za bariamu na madini ya jamii yake. Zikipata joto hutoa elektroni. Nyuma ya nyuzi kuna wavu wa chuma kwa kila tarakimu, unaoruhusu au kuzuia elektroni kupita. Mwisho kuna vipande vya namba vyenyewe, vilivyopakwa unga wa oksidi ya zinki unaowaka ukipigwa na elektroni.

Kwa hiyo kioo kinahitaji umeme wa aina mbili. Nyuzi hupewa volti ndogo ya AC (umeme unaogeuka-geuka, kama wa ukutani), kwa kawaida kati ya 2.5 na 5, ili zipate joto. Nyavu na vipande vya namba hutaka tofauti ya volti kubwa zaidi, na risiva nyingi huipata kwa laini ya hasi iliyo kati ya -25 na -40. Kwenye bodi laini hiyo huandikwa -VFL, -VP au FL-, na miguu ya nyuzi huandikwa F1 na F2. Alama hizi ukizijua, umeshapata ramani ya kazi.

Volti hizo zikishuka kidogo tu, mwanga hushuka sana. Mkondo wa elektroni hupungua, na kila elektroni hufika ikiwa na nguvu kidogo. Kwa makadirio mazuri, mwanga hufuata volti kwa kipeo cha 2.5. Laini iliyopaswa kuwa volti 30 ikibaki na 24, volti zimepotea asilimia 20, lakini mwanga uliosalia ni kama asilimia 57. Nyuzi zikikosa joto hali ni mbaya zaidi, maana elektroni hazitoki kabisa kwa wingi unaotakiwa.

Isome kabla ya kuifungua

Anza na rimoti. Risiva nyingi zina kitufe cha DIMMER, na mtoto akikibonyeza mara mbili kwa bahati mbaya, namba hupungua mwanga na kubaki hivyo. Ubaya wa kosa hili ni kwamba volti zote zitapimwa sawa: kitufe hicho hakigusi volti, hupunguza muda ambao kila namba inawashwa. Fundi asiyekijua anaweza kubadilisha nusu ya bodi bure.

Kisha futa plastiki ya mbele, ndani na nje ukishaifungua. Katika sebule inayofukizwa udi kila Ijumaa hujengeka utando wa rangi ya chai ambao hauonekani hadi upangusie upande mmoja. Tumia maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo. Spiriti usiitie hapo, kwani plastiki ya akriliki hupata nyufa ndogo ndogo na huwa na ukungu wa kudumu.

Halafu pima soketi ya ukutani. Umeme wetu unatakiwa uwe 240, lakini kwenye mwisho wa laini, jioni kila mtu akiwa amewasha, unaweza kushuka. Volti za nyuzi mara nyingi hazina kidhibiti, zinatoka kwenye transfoma moja kwa moja, hivyo soketi ikiwa na 200 nyuzi za volti 4 hupata 3.3. Namba zinazong'aa alfajiri na kufifia saa mbili usiku zinakuambia ukweli huo bila mita. Wanaotumia sola yenye inveta ya bei nafuu waangalie pia, kwa sababu inveta isiyotoa wimbi laini huipa transfoma kilele tofauti na cha umeme wa kawaida. Na kama mashine imetoka Japani kwa volti 100 au Marekani kwa 120, ikiendeshwa kwa transfoma ndogo ya kushushia umeme iliyozidiwa na mzigo, shaka ianzie kwenye hiyo transfoma.

Hayo yakipita salama, kuna jaribio moja linaloshinda yote. Washa alama ambazo karibu haziwaki kamwe: SLEEP, MUTE, au alama ya mfumo wa sauti ambao hamuutumii. Mashine nyingi pia zina hali ya majaribio inayowasha kila kitu kwa pamoja. Vitufe vya kubonyeza vimeandikwa kwenye kitabu cha ufundi cha modeli hiyo. Sasa linganisha. Kama SLEEP inang'aa kama mpya huku tarakimu za stesheni zikiwa hafifu, unga wa tarakimu hizo umechakaa kwa kutumika. Hakuna kapasita itakayourudisha. Kama SLEEP nayo ni hafifu sawa na jirani zake, basi tatizo limekigusa kioo kizima: volti au nyuzi. Hapo kuna matumaini.

Dalili nyingine zina tafsiri zake. Namba zinazowaka hafifu kwa dakika kumi za kwanza kisha zikapata nguvu ni alama ya kapasita kavu, kwani kapasita iliyokauka hufanya kazi afadhali ikishapata joto. Kuchezacheza kwa mwanga kunaashiria kapasita au lehemu iliyopasuka. Vivuli vya namba, yaani vipande vinavyopaswa kuzimwa vinawaka kwa mbali, hutokana na zena ya nyuzi (dayodi inayoshikilia volti kwenye kiwango kimoja), tutaifikia. Tarakimu moja nzima ikitoweka, fuata mguu wa wavu wake; kipande kile kile kikikosekana katika kila tarakimu, fuata mguu wa kipande hicho au chipu inayoendesha kioo.

Kabla ya kuendelea, tazama doa la fedha kama kioo cha kujitazamia lililoko ndani ya chupa, kwa kawaida pembeni. Hilo ndilo linalolinda ombwe kwa kunasa mabaki ya hewa. Likiwa jeupe kama maziwa, hewa imeingia, na safari ya kioo hicho imeishia hapo.

Kufungua bila kujiumiza

Chomoa waya ukutani, usitegemee swichi. Kapasita mbili kubwa za amplifaya hubeba volti 40 hadi 70 kila moja na huweza kukaa nazo muda mrefu. Subiri dakika kumi, kisha pima. Zikiwa bado na chaji, ziishe kupitia rezista ya omu 100 ya wati 5 au 10. Desturi ya kuzipiga shoti kwa bisibisi huchoma nyuzi za shaba kwenye bodi na wakati mwingine macho ya fundi.

Piga picha kila utepe kabla ya kuuchomoa. Vishikio vingi vya utepe vina kilimi cha kufungulia pembeni. Ukiuvuta kwa nguvu bila kukifungua, utakuwa umeongeza ugonjwa wa pili. Paneli ya mbele hutoka baada ya skrubu za juu, za chini, na wakati mwingine baada ya kuvuta kitufe kikubwa cha sauti na kufungua nati yake.

Vipimo vyenyewe hufanywa mashine ikiwa imewashwa, kwa hiyo funga ncha ya mita kwa utepe wa umeme, ubakishe milimita mbili tu. Ncha ikiteleza na kuunganisha -VFL na laini ya volti 5, chipu kuu inakufa papo hapo, na risiva iliyokuwa na namba hafifu inakuwa haina kitu. Tumia mkono mmoja. Waya mweusi wa mita ung'ang'anie kwa klipu kwenye skrubu ya fremu ya chuma ya mashine.

Namba za mita na maana yake

Mita ikiwa DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri), gusa -VFL. Kitabu cha ufundi kikisema -32 nawe ukapata -31, laini ni nzima. Ukipata -22, umeshampata mwizi wa mwanga. Bila kubadili mahali, weka mita AC: kwenye laini safi utaona sehemu ndogo ya volti. Ukiona volti mbili tatu za AC juu ya laini ya DC, kapasita ya kuchuja haichuji. Onyo moja: mita nyingine za bei rahisi hujumlisha DC ndani ya kipimo cha AC. Ikikupa namba ya ajabu kama 60, weka kapasita ya mikrofaradi 0.1 ya volti 100 mfululizo na waya mwekundu, kisha upime tena.

Pima kati ya F1 na F2 kwa AC. Kama modeli yako inazipa nyuzi umeme kutoka transfoma, kipimo kitakuwa cha kuaminika. Kama kuna saketi ndogo inayozalisha umeme huo kwa masafa ya juu, mita ya kawaida itadanganya, na ushahidi bora ni macho: zima taa, funga pazia, tazama kwa upande. Nyuzi nzima hazionekani, au huonekana kama wekundu wa mbali sana. Zikiwa nyekundu wazi, zinapewa umeme kupita kiasi.

Laini ya hasi ikiwa chini, fuata njia yake kurudi nyuma: dayodi, rezista, kapasita, zena, transista. Dayodi nzima kwenye mita husoma kati ya 0.5 na 0.7 upande mmoja na kukataa upande wa pili. Rezista ya usalama, ile inayojikata kama fyuzi, mara nyingi ni ya omu 10 hadi 47. Ikizeeka hupanda thamani bila kuonyesha moto wowote. Ibadilishe kwa aina ile ile ya usalama. Rezista ya kawaida itafanya kazi leo, na siku ya hitilafu itaunguza bodi badala ya kujikata.

Lakini mara nyingi zaidi ni kapasita. Kwenye laini hii huwa ya mikrofaradi 47 hadi 220, volti 50. Usitafute iliyovimba tu. Kapasita iliyokauka inaweza kuwa na sura nzuri kabisa. Bila kipima-kapasita, zima mashine, ng'ang'aniza kapasita mpya ya thamani hiyo sambamba na ya zamani upande wa chini wa bodi, kisha washa. Mwanga ukirudi, jibu umelipata.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Laini ni ya hasi, kwa hiyo ardhi, yaani sehemu ya volti sifuri, ndiyo iliyo juu: mguu wa chanya wa kapasita unaingia *ardhini*, na ule wenye mstari wa alama ya kutoa unaingia kwenye -VFL. Fundi aliyezoea kwamba ardhi ni hasi huigeuza, na kapasita hupasuka ndani ya dakika. Fuata alama iliyochapwa kwenye bodi, na uithibitishe kwa mita.

Nunua za nyuzijoto 105. Kapasita ya saa 2,000 kwa nyuzijoto 105 huongeza maisha maradufu kwa kila nyuzijoto 10 zinazopungua, hivyo ikikaa kwenye 65 hufikia kama saa 32,000. Ya nyuzijoto 85 ya saa hizo hizo, mahali pale pale, huishia 8,000. Thamani ikipanda kidogo, mfano 100 badala ya 47, haina neno. Kupanda hadi 1,000 kunazilazimisha dayodi na rezista ya usalama kubeba mshtuko kila unapowasha. Lamu vipuri hivi huagizwa Mombasa au Nairobi na kuteremshwa Mokowe, gati ya upande wa bara, basi agiza za bodi nzima ya umeme kwa mara moja. Zote kwa jumla hazifiki nauli ya kuzifuata.

Zena ya nyuzi inahitaji maneno yake. Nyuzi hazikai sawasawa na -VFL. Huinuliwa juu yake kwa volti chache, mara nyingi kwa zena ya kama volti 5, ili kipande kilichozimwa kiwe hasi kuliko nyuzi na kuzifukuza elektroni. Zena ikipiga shoti, kinga hiyo inatoweka na vivuli vinajitokeza. Ikikatika, nyuzi huinuka kupita kiasi, tofauti kati yake na namba zinazowaka hupungua, na kioo kizima hufifia ijapokuwa -VFL ni sahihi. Hitilafu hii huwapita wengi kwa sababu vipimo viwili vya kwanza vyote ni vizuri. Pima DC kutoka F1 hadi -VFL, ujue.

Chumvi ya bahari

Kwenye mwambao, kuna hitilafu isiyo na sehemu mbovu hata moja. Hewa ya chumvi huingia kwenye kishikio cha utepe na kuacha ukoko wa kijani. Kioo kikubwa cha risiva kinaweza kuvuta milliampea 200 kwenye nyuzi. Ukoko ukiongeza omu 2 tu njiani, volti 0.4 inapotea, na kwa nyuzi za volti 4 hiyo ni asilimia 10. Pima F1 na F2 kwenye miguu ya kioo chenyewe, kisha upande wa pili wa utepe. Zikitofautiana, safisha kwa aisopropili ya asilimia 90 au zaidi na mswaki laini, kisha chomeka na kuchomoa mara kadhaa. Yeyusha upya lehemu za kishikio na za miguu ya kioo, maana joto na baridi huzipasua kwa duara jembamba linaloonekana kwa lenzi tu. Ukiwa humo, toa na mijusi: kinyesi chao kati ya miguu ya kioo hupitisha umeme.

Kioo kilichochoka kweli

Vipimo vyote vikiwa sahihi na kioo kizima bado hafifu, SLEEP ikiwemo, yawezekana nyuzi zimepoteza uwezo wa kutoa elektroni. Hutokea pia kwa mashine iliyolala miaka katika nyumba iliyofungwa. Kuna dawa ya kamari: zitenganishe F1 na F2 na saketi, zipe umeme wa nje kuanzia volti yake ya kawaida, panda kwa nusu volti nusu volti gizani hadi wekundu wa mbali uonekane, shikilia dakika moja au mbili, rudi. Usizidi mara moja na nusu ya volti ya kawaida. Ikifanikiwa, mwanga hurudi, pengine kwa miezi. Isipofanikiwa, uzi hukatika. Ifanye kwa kioo ambacho ungekitupa tu.

Ushauri wa kupandisha -VFL kwa kudumu ili kuukamua unga uliochoka haufai. Chipu ya kioo ina kikomo chake cha volti, na unga unaopigwa kwa nguvu zaidi huchakaa kwa kasi zaidi.

Kubadilisha kioo kunawezekana, ila vioo hivi havina kipimo cha pamoja. Kila modeli ina chake, na namba yake imechapwa ubavuni. Kinachopatikana ni cha kung'oa kwenye risiva nyingine ya modeli ile ile, ambacho kimefanya kazi miaka ile ile. Kiwashwe kabla ya kulipa. Miguu yake ni 40 hadi 60. Tumia utambi wa shaba na subira, kwani mguu ukivutwa unapasua kioo pale unapoingilia. Ncha ya kuzibia hewa isiguswe kabisa.

Bila kioo, mashine haijawa kilema. Risiva zenye matundu ya picha nyingi huonyesha menyu zao kwenye televisheni. Kinachobaki ni kukizuia kioo kijacho kisichakae kama kilichopita: modeli inayoonyesha saa hata ikiwa stendibai hukitumia kwa saa 8,760 kila mwaka. Zima saa hiyo kwenye menyu, au weka soketi yenye swichi na uizime ukienda kulala.